Milima ya Moto ya Mama

Mama alikuwa na haja moja tu hapa duniani, na alikwisha itangaza mtaa mzima: mjukuu wake azaliwe Ifakara, na maji ya kwanza kumgusa yatoke mikononi mwake yeye. Mimi sikujaliwa mtoto. Tulilia kwa hilo, tukafuta machozi, tukaendelea kukoboa mpunga. Tumaini lote likahamia kwa mdogo wangu, na kwa kuwa kwetu mimba ya kwanza hurudi kwa mama kujifungua, mama alijiona ana haki ambayo hata serikali isingethubutu kuigusa. Chini ya kitanda chake lilikaa beseni jipya la kuogeshea, limefunikwa kitenge tangu siku ya harusi, na ole wake mtu aliyefikiria kuoshea mchele humo.

Shida ni kwamba mdogo wangu alikuwa ameolewa Ufilipino.

Shemeji alikuja bondeni kwetu kufunga mitambo kwenye mashamba ya miwa. Kiswahili alijifunzia hapo, kwa watu waliotoka kila mkoa wa nchi hii, kwa hiyo sentensi yake huanzia Mbeya, ikapita Dodoma, ikaishia anakojua mwenyewe. Ni mtu mwema, tulimpenda wote. Ndoa ilifungwa kanisani hapa hapa, mama akacheza mpaka kiatu kikakatika. Kazi ya shemeji ilipoisha akamchukua mke wake wakaenda kwao, na mama akawa anasema kwa majirani, "Wamekwenda kutembea," kana kwamba wangerudi wiki ijayo.

Siku moja simu ikaita tukiwa mashineni. Nina mashine ya kukoboa mpunga, si kubwa, na mama hushinda pale. Kazi yake rasmi ni kupepeta chenga. Kazi yake halisi ni kuongea na kila anayeleta gunia. Mdogo wangu alisema ana ujauzito, mama akapiga vigelegele, na wanawake waliokuwa kwenye foleni wakaitikia hata kabla ya kujua kuna nini. Kisha nikaona uso wa mama unabadilika polepole, simu bado iko sikioni.

"Anasema haji," akaniambia alipokata. "Daktari kamkataza safari. Na anasema nisihofu, mama mkwe yupo."

Akarudia, "Yupo." Alilitafuna neno hilo kama mtu aliyekuta kijiwe kwenye wali.

Kesho yake asubuhi akaniomba nimwonyeshe tena picha ya nyumba ya wakwe. Nilijua tayari kichwani mwake kuna kitu kinapikwa, maana mama hana kawaida ya kuomba, huagiza. Nikamwonyesha. Nyumba ya kawaida ya bati, migomba miwili mitatu, na nyuma yake mlima mrefu uliochongoka, mzuri kwa kweli, na kwenye ncha yake kitu kama wingu dogo.

"Huo moshi wa nani?" akauliza.

"Wa mlima wenyewe, mama."

"Nani kauwasha?"

Hapo ndipo nilipojitakia makubwa. Jiografia nilipata C, na kwa hiyo C nimejiona mtaalamu tangu nilipomaliza shule, ila nilikuwa bado sijapata mtu wa kumfundisha. Nikamweleza habari za volkano. Nikamweleza kwamba Bahari ya Pasifiki, kubwa kuliko bahari zote, imezungukwa pembezoni na milima ya moto, ndiyo maana wanaita Pete ya Moto: unaanzia Chile, unapanda na Amerika yote mpaka Alaska, unavuka, unashuka Japani, Ufilipino, Indonesia, mpaka Nyuzilandi. Ardhi yetu imekatika mabamba, nikasema, na yale ya chini ya bahari yanasukumwa chini ya yale ya nchi kavu, mwamba unayeyuka, moto unatafuta pa kutokea. Nikaona macho yake yamepotea kwenye mabamba. Kwa hiyo nikatafuta mfano wa nyumbani.

"Chukulia mbuga yetu wakati wa masika, imejaa maji," nikasema. "Hiyo ndiyo bahari. Sasa pembezoni mwa maji, kuanzia Katindiuka hapa, ukaenda Namawala, ukazunguka mpaka Mang'ula chini ya milima ya Udzungwa, kila kijiji kimewasha tanuri la matofali. Moshi huku, moshi kule, maji katikati. Umeelewa?"

Mama akaelewa. Alielewa kupita kiasi.

"Matanuri hayo wanachomea pumba?"

"Eeh, kama ilivyo kawaida."

"Basi mdogo wako amekwisha," akasema, akasimama na ungo wake.

Ninyi mnaokula mchele uliokwisha kobolewa huenda hamjui tabia ya moto wa pumba. Nyuma ya kila mashine hapa Ifakara kuna kilima cha pumba za mpunga. Kikishika moto hakiwaki. Huoni mwali, unaona kamoshi tu kama ka mtu anayevuta sigara kwa kujificha. Unamwaga ndoo ya maji pale, moshi unakufa, unakwenda zako umeridhika. Asubuhi unakuta unafuka upande wa pili. Moto umetembea chini kwa chini. Kuna watu wameungua nyayo wakidhani wanakanyaga majivu ya mwaka jana. Kwa mama, aliyeishi na vilima hivyo maisha yake yote, mambo yakawa wazi kabisa: bahari ile imezungukwa na pumba moja kubwa, moto ni mmoja, na ukizibwa Chile lazima utokee kwa mtoto wake.

"Hapana, mama," nikasema, tena kwa sauti ya mwalimu. "Kila mlima una moto wake. Mmoja ukilipuka haina maana mwingine utafuata."

"Wewe ulipata ngapi vile?"

"C."

"Haya."

Akaenda kwa kijana wa duka la simu, akafundishwa kutafuta habari, na kuanzia siku hiyo mashine yangu ikapata idara ya volkano. Nasema kweli, mama ambaye hajawahi kuvuka Morogoro alijua visiwa vya Pasifiki ambavyo wasomi wangevitafuta kwenye ramani. Akifika asubuhi, anajifunga kitenge, anakaa kwenye kigoda chake, anachukua ungo, anatoa taarifa. Leo Japani pamekohoa. Leo Indonesia watu wamehamishwa. Alaska kimya, lakini kimya hicho yeye hakipendi. Wanawake walikuja na kilo tano za mpunga, mpunga ambao ungeweza kungoja, ili wasikie tu. Mwenzangu wa mashine ya pili akaja kuniuliza nimewapa nini wateja wake. Nilikasirika na ule upuuzi, lakini wateja walikuwa wanaongezeka, kwa hiyo nilikasirika kimya kimya.

Mteja wetu mmoja, mzee wa Kisukuma anayelima Namawala, alikuwa haji kukoboa tu, anakuja kuchokoza.

"Mwangaluka, mayu," anamwamkia kwa Kisukuma, mayu ndiyo mama, akiwa bado yuko juu ya baiskeli. "Leo wapi?"

"Chile."

"Chile na Ufilipino si mbali hizo?"

"Mbali kwa anayepita juu," mama anajibu bila kuinua macho. "Moto unapita chini."

Siku moja mzee akaja amejiandaa. Akasema, "Mayu, mbona na sisi tunao? Oldoinyo Lengai uko Tanzania hii hii, na unatapika. Mbona huo hujauogopa?"

Foleni nzima ikamgeukia mama. Mimi mwenyewe nilizima mashine.

"Ule ni wetu," mama akasema. "Ule hata ukikasirika, unajua unamkasirikia nani."

Mzee alicheka mpaka akashika gunia lake asianguke. Mimi nikawasha mashine. Hakuna mtu aliyewahi kumshinda mama kwa kubishana, na sikuona sababu ya C yangu kuwa ya kwanza.

Mdogo wangu ndiye aliyelipia gharama ya elimu hiyo. Asubuhi kwetu, mchana kwao, mama anapiga. "Alaska imelipuka, fungasha." Mdogo wangu anasema, "Mama, Alaska ni kwenye barafu kule juu." Mama anasema, "Basi barafu imeisha." Kisha, kwa sauti laini ya mtu asiye na neno na mtu, anaongeza kwamba huku Ifakara hakuna mlima hata mmoja unaofuka, hospitali ipo, na chumba chake kimepigwa chokaa.

Kufikia hapo kila mtu alijua mchezo wake. Hakuwa mwendawazimu. Ile nadharia ya pumba aliiamini, sikatai, lakini aliiamini zaidi siku ambazo ilimfaa.

Akaipeleka kanisani. Kwetu ukitaka jambo lako liombewe misani unaandikisha nia, na Jumapili inasomwa mbele ya watu kabla misa haijaanza. Kwa kawaida ni marehemu, wagonjwa, watahiniwa. Jumapili ile msomaji akashuka na orodha yake, marehemu, marehemu, shukrani, akafika mahali akasita, akasogeza karatasi karibu na macho, akasoma: mama mmoja wa jumuiya yetu anaomba misa kwa ajili ya mlima ulioko Ufilipino. Kanisa zima likageuka kutazama benchi letu. Mimi nilitazama chini nikisoma maandishi ya kwenye kanga ya mtu wa mbele. Mama alikaa wima, ameinua kidevu, kama aliyetajwa kwa kutoa mifuko ya saruji.

Baada ya misa padri akamwita pembeni. Nilikuwepo.

"Mama," padri akasema taratibu, "nimeomba, lakini nataka nijue tunaomba nini. Mlima utulie?"

"Utishe tu kidogo, baba," mama akasema. "Usiunguze mtu. Ufuke wa kutosha arudi nyumbani."

Padri alifunga mdomo wake kwa nguvu, mabega yakimtikisika, akambariki haraka haraka akaenda sakristia. Tukarudi nyumbani kwa miguu. Nikamwambia amenitia aibu. Akasema aibu haijamuua mtu bado.

Sasa, huyo mama mkwe. Mama alikuwa amemjenga kichwani mwake mwanamke mrefu, mwenye kucha nyekundu, anayekaa kwenye sebule ya vioo. Mdogo wangu, kwa kuchoka, akaamua kuwakutanisha kwa simu ya picha, shemeji awe mkalimani. Mama akaja mashineni amevaa kitenge cha harusi na hereni. Kwenye kioo akatokea mwanamke mfupi, mweusi wa jua, kofia ya majani kichwani, miguu ina tope mpaka magotini. Alikuwa anatoka kupandikiza mpunga.

Mama alibaki mdomo wazi. Alikuwa amejiandaa kwa vita na mtu mwingine kabisa.

Wakaanza kwa kusalimiana, na mama hakukawia. Hospitali ilikuwa imekwisha onyesha kwamba mtoto ni wa kiume. Kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake. Ndivyo tunavyotaniana, bibi anamwita mume wangu, anamdai nguo, anamnunia asipomsalimia. Na kama mume ni mmoja na mabibi ni wawili, hesabu iko wazi: hao ni wake wenza.

"Mwambie," mama akamwambia shemeji, "mke mkubwa ni mimi. Mimi ndiye mama wa aliyebeba mimba."

Shemeji akatafsiri, akiwa na jasho. Ilimchukua muda kuelezea desturi yenyewe. Yule mwanamke alisikiliza, akafunika mdomo kwa kiganja, akacheka, kisha akasema maneno machache.

"Anasema vema," shemeji akasema. "Anasema lakini mke mkubwa ndiye anakaga na mume."

Mashineni pale watu walipiga makofi. Mzee wa Kisukuma akasema mayu leo kapatikana. Mama hakucheka, lakini nilimwona anavyomtazama yule mwanamke kwenye kioo. Namjua mama yangu. Ndivyo anavyomtazama mteja anayejua bei.

Tangu hapo wakawa wanatafutana wenyewe, shemeji katikati akitafsiri. Yule akionyesha mchele wake kiganjani, mama anasema mchele gani huo wa kunatana, mchele wa Kilombero ukipikwa jirani anajua kwa harufu. Mama akiuliza hapo mlimani mnachimbaje choo bila kuungua, jibu linakuja kwamba mlima huo ndio mbolea yao, majivu yake ya zamani ndiyo yanayowalisha. Mama aliguna tu, maana sisi nasi tunakula kwa hisani ya mto unaotufurikia. Na kila mwisho wa maongezi yule mwanamke alirudia jambo moja: mama aje. Tiketi watatuma. Wamwogeshe mtoto pamoja.

"Nivuke bahari," mama alisema baada ya kukata simu, "nikakae chini ya chungu kinachochemka?"

Hapo uvumilivu wangu ukaisha. Tulikuwa wawili tu, tunafagia vumbi la mashine. Nikamwambia, "Mama, huo mlima huuogopi. Umewahi kulima Namawala na kiboko yuko upande wa pili wa shamba, hukuhama. Sema unachokiogopa."

Alifagia kwanza. Alifika mpaka mlangoni, akarudi.

"Nitakwenda pale nikiwa mgeni," akasema. "Nitaomba ruhusa ya kumshika mjukuu wangu. Nitaonyeshwa maji yako wapi, sufuria iko wapi. Mtoto atakuwa anajua mikono ya mwingine, mimi nitakuwa yule bibi wa kwenye simu. Nakiogopa hicho. Hicho kinanikosesha usingizi."

Nikasogea upande wake na ufagio wangu. Tukafagia pamoja.

Mavuno yakaingia. Ni wakati ambao mashine hainyamazi, magunia yanapangwa mpaka barabarani na mimi nakuwa mkali kwa kila mtu. Mimba ya mdogo wangu ilikuwa imefika mwisho. Asubuhi moja nikafungua simu kabla sijafungua mlango wa mashine, nikauona. Haukuwa wa Chile wala wa Alaska. Ulikuwa ule ule wa kwenye picha, nyuma ya nyumba ya bati, ila ncha haikuonekana tena. Nguzo ya majivu ilikuwa imesimama juu yake, nyeusi, pana kuliko mlima wenyewe. Watu wa habari waliandika kwamba vijiji vya chini vinahamishwa.

Nikapiga. Haikupatikana. Nikampigia shemeji. Haikupatikana. Nikaweka simu mfukoni nikaamua mama asijue kwanza.

Mama aliingia, akajifunga kitenge, akakaa kwenye kigoda, akachukua ungo. Hakutoa taarifa. Wateja waliozoea wakangoja. Mwanamke mmoja akauliza kwa furaha, "Shikamoo mama, leo wapi?" Mama akaitikia marahaba, akaendelea kupepeta. Hapo nikajua kwamba anajua.

Mzee wa Kisukuma akafika na gunia lake. Alifungua mdomo kuchokoza, akauona uso wa mama, akaacha. Aliegesha baiskeli, akaketi chini pembeni ya kigoda cha mama, na hakukoboa mpunga wake siku hiyo. Nikazima mashine nikawaambia watu imeharibika. Hakuna aliyeuliza fundi ataitwa lini.

Tulipiga, tukapiga tena. Jua likapita kichwani. Mama alikuwa anapepeta chenga zile zile, zilizokwisha kuwa safi zamani.

"Nimeuita," akasema ghafla. "Tangu masika nauita. Mpaka kanisani nimeuita."

"Mama, milima haisikii. Ni mabamba tu, nilikueleza."

"Nilimwambia padri utishe kidogo." Sauti yake ilikuwa ndogo, sikuizoea. "Mungu angeniuliza kidogo ni kiasi gani."

Nikamshika mkono. Sikukumbuka hata neno moja la Jiografia ambalo lingemfaa mtu. Nilikuwa na hofu yangu mwenyewe, na nilikuwa na hasira na mlima, na hasira na mdogo wangu kwa kwenda mbali kiasi hicho.

Simu ikaita kesho yake asubuhi, mashine ikiwa bado haijawashwa. Watu wa jana walikuwa wamerudi, bila magunia wengine. Ilikuwa simu ya picha. Kwanza tukaona dari, halafu ubao wa darasa, halafu uso wa shemeji, nywele zimejaa majivu, anacheka na kulia.

"Wote wazima," akasema. "Wote. Mtoto alishafika."

Vigelegele vilivyopigwa hapo sijui kama Katindiuka hawakusikia. Mama peke yake hakupiga. Alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili, anangoja. Shemeji akaeleza kwa Kiswahili chake cha mikoa yote. Majivu yalianza kunyesha uchungu ukiwa umeanza. Barabara haikuonekana. Gari la kuwahamisha lilisimama mbali, likashindwa kusogea. Mama yake akamfunika mdogo wangu kwa mwavuli na kanga moja aliyotumiwa kutoka kwetu, akatembea naye mpaka kwenye gari, kila hatua akimwambia akanyage wapi. Walipofika shuleni walikohifadhiwa, mkunga alikuwepo, maji hayakuwepo. Mabomba yalijaa majivu. Yule mwanamke mfupi akatoka tena nje kwenye giza lile la mchana, akarudi na ndoo, amefunga kitambaa puani. Maji hayo ndiyo yaliyomwogesha mtoto.

Shemeji akageuza simu. Mdogo wangu alikuwa amelala kwenye mkeka, amechoka, anatabasamu. Pembeni yake yule mwanamke alikuwa ameketi, bila kofia, nyusi zake nyeupe kwa majivu, na mapajani kitu kidogo kimeviringishwa, chekundu, kinapiga miayo.

"Nani alimwogesha?" mama akauliza, ingawa alikwisha ambiwa.

Shemeji hakuhitaji kutafsiri. Yule mwanamke akauona uso wa mama, akanyoosha mkono juu taratibu, kama mwanafunzi aliyevunja kitu darasani. Akasema jambo kwa sauti ya chini.

"Anasema umsamehe," shemeji akasema. "Anasema anajua ilikuwa kazi yako."

Niliona mama anavyokishika kidevu chake kwa nguvu kisimwangushe mbele ya watu.

"Mwambie," akasema, "mke mkubwa ni yeye. Mwambie na wakubwa wote wa hapa wamesikia."

Shemeji akatafsiri. Yule mwanamke akainamisha kichwa, akalia waziwazi, majivu yakachora mistari mashavuni mwake, na mtoto naye akaanza kulia, na kwa muda hapakuwa na lugha ya kutafsiri.

Mama alipokata simu alifuta uso kwa ncha ya kitenge, akanigeukia kwa ile sauti yake ya kuagiza.

"Zima shughuli zako kesho. Unipeleke nikapige picha ya pasipoti. Mzazi hawezi kukandwa maji ya moto na mtu mmoja."

"Na mlima, mama?" nikamuuliza. "Bado unafuka."

"Mwenzangu anakaa nao," akasema.